Kijana wa Sheria na Barua ya Kukataliwa

Kila mwaka vijana wetu wamalizapo masomo ya sheria katika vyuo vikuu, huanza safari ya pili ambayo wazazi wengi hawaijui. Mzazi humwona mwanawe amevaa joho siku ya mahafali, hupiga vigelegele, huchinja mbuzi na kuwaalika majirani, akadhani kwamba nyumba yake imekwisha pata wakili. Kumbe bado. Shahada ya sheria ni mlango wa ua tu. Mlango wa nyumba ungali mbele. Na hapo mbele ya mlango wa nyumba wapo vijana wengi wasimamao muda mrefu wakibisha hodi. Wengine huandika barua ishirini au thelathini kwa ofisi za mawakili, wakapata majibu matatu, na yote matatu yasema: twasikitika, hatuna nafasi. Ofisi zilizobaki hazijibu neno.

Jambo hili huletwa kwetu mara kwa mara na wazazi, na hata na mapadre wa parokia. Kijana aliyekuwa akiimba kwaya haonekani tena kanisani. Aliyekuwa akipiga simu nyumbani kila Jumapili amenyamaza. Ukichunguza, huoni dhambi kubwa wala ugonjwa; waona aibu. Amekataliwa, tena amekataliwa mara nyingi, wala hajui sababu. Kwa hiyo twaona yafaa leo tuseme juu ya mambo mawili: namna ya kupokea kukataliwa bila kuvunjika moyo, na namna ya kuuliza sababu kwa adabu ili mtu apate kujirekebisha. Tutachukua mfano wa uwakili katika nchi ya Kenya, maana njia yake twaijua. Lakini mwenye kutafuta nafasi ya kujifunza kazi yoyote ataweza kuokota humu neno la kumfaa.

NJIA YA UWAKILI ILIVYO

Yatupasa kwanza kueleza njia yenyewe, ili mzazi ajue mwanawe amesimama wapi. Katika Kenya, mtu akiisha kupata shahada ya sheria hujiunga na Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi. Huko hufundishwa kazi yenyewe ya uwakili: namna ya kuendesha kesi za madai na za jinai, namna ya kuandika hati, kuuza na kununua ardhi, mirathi, maadili ya kazi, na mengineyo. Mtihani wake una masomo 9, nao husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Pamoja na hayo, sharti akae miezi 6 katika uanagenzi, chini ya wakili mwenye uzoefu ambaye sisi twamwita wakili mlezi. Akiisha kutimiza yote, ndipo huletwa mbele ya Jaji Mkuu, akala kiapo, na jina lake likaandikwa katika orodha ya mawakili.

Nchi nyingine zina njia zao. Jirani zetu wa Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2007, walianzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na humo pia mwanafunzi hutoka kwenda kujifunza kazi katika mahakama na ofisi. Uingereza nako, kijana atakaye kusimama mahakamani kama wakili wa baraza hana budi kupata mahali pa uanagenzi, na nafasi hizo hugombewa na watu wengi kuliko zilivyo. Basi taabu hii si ya kijiji chetu peke yetu, wala si laana ya ukoo fulani. Ndivyo kazi hii ilivyopangwa: elimu ya darasani haitoshi, lazima mtu mwenye ujuzi akubali kumshika mkono mgeni. Na palipo na lazima ya kukubaliwa, hapakosi kukataliwa.

KWA NINI OFISI HUKATAA

Kijana aliyekataliwa hudhani kwamba watu wazima wameketi mezani, wamemtazama kuanzia utosini hadi unyayoni, wakakata shauri kwamba yeye hafai. Mara nyingi sivyo. Na tutazame mambo yalivyo katika ofisi.

Kwanza, ofisi nyingi za mawakili ni ndogo. Zina wakili mmoja au wawili, karani, na mtumishi wa kupeleka hati mahakamani. Chumba ni kimoja na meza ni mbili. Mwanagenzi akija, hana pa kuketi. Tena si kila wakili aruhusiwa kulea mwanagenzi. Yatakiwa awe amefanya kazi hiyo miaka mitano au zaidi. Kijana amwandikiaye wakili wa miaka miwili amwomba kitu asichoweza kutoa.

Pili, kulea ni kazi. Wakili mlezi hana budi kumwonyesha mwanagenzi namna ya kutafuta sheria, kuandika hati, kufungua jalada, na kuongea na mteja; kisha hana budi kusahihisha kila karatasi kabla haijatoka, maana kosa la mwanagenzi ni kosa la ofisi. Wakili mwenye kesi nyingi mwaka huu aweza kukataa mwaka huu na kukubali mwaka ujao.

Tatu, ziko ofisi kubwa za mjini ambazo hupokea maombi mengi mno. Hizo huchuja kwanza kwa karatasi: alama za chuo, usafi wa barua, tarehe ya kupokelewa. Maombi yaliyochelewa siku moja hayasomwi.

Nne, yawezekana kweli kwamba maombi yenyewe yalikuwa na kasoro. Barua imeandikiwa ofisi moja, lakini ndani mna jina la ofisi nyingine. Kijana asema apenda sheria ya ardhi, naye aandikia ofisi ifanyayo kazi ya meli na bima. Au ameitwa kuhojiwa, akaulizwa kesi aliyoitaja mwenyewe katika barua, asiweze kuieleza.

Waona basi, katika sababu hizi nne, tatu hazimhusu mwombaji mwenyewe, au zamhusu kwa sehemu ndogo. Ni ya nne tu iliyo mikononi mwake. Lakini wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Barua ya ofisi haisemi ni sababu ipi kati ya hizo. Yote huandikwa kwa maneno yale yale ya upole. Ndiyo sababu kijana hana budi kuuliza.

KILICHOKATALIWA NI NINI

Kabla ya kuuliza, moyo utulie. Na moyo hautulii mpaka mtu ajue kilichokataliwa ni nini. Barua ya ofisi imekataa maombi fulani, ya mwaka fulani, kwa nafasi fulani. Haikumkataa mtu. Haina uwezo huo. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na amekombolewa kwa damu ya Bwana wetu Yesu Kristu. Thamani yake haikuanza siku alipopokelewa kazini, wala haiishi siku alipokataliwa.

Hatusemi hivyo ili kulipaka jambo hili sukari. Kanisa lajua uchungu wake. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alitaja hasa taabu ya vijana ambao wamejiandaa kwa masomo, kisha wasipate kazi. Aliona kwamba jambo hilo laumiza mtu binafsi na laumiza jamii nzima. Kwa hiyo kijana anayelia usiku kwa sababu ya barua hiyo hana imani haba. Amepatwa na jambo zito, na machozi yake ni halali. Lakini machozi yakiisha, sharti atazame mbele.

Na tumkumbuke Mtakatifu Alfonsi wa Liguori. Yeye alikuwa wakili katika mji wa Napoli, tena wakili wa ajabu, maana alipata shahada ya udaktari wa sheria akiwa na miaka 16 tu. Mwaka 1723 alisimama katika kesi kubwa kati ya watu wakuu, akasema vizuri sana. Kisha akaonyeshwa hati moja miongoni mwa karatasi za kesi, na katika hati hiyo mlikuwa na maneno ambayo yalibomoa hoja yake yote. Alikuwa hakuyatia maanani. Akashindwa mbele ya watu wote. Yasimuliwa kwamba alijifungia chumbani siku tatu, akikataa chakula. Baadaye aliuacha uwakili, akawa padre mwaka 1726, akaanzisha Shirika la Wakombozi mwaka 1732, na mwaka 1871 Kanisa likamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Hatumwambii kijana auache uwakili kama Alfonsi. Twataka atazame jambo moja: Alfonsi alipoonyeshwa ile hati, hakubisha. Aliisoma, akaona kwamba kweli amekosa, akakubali. Aliyemwonyesha kosa alikuwa mtu wa upande wa pili, naye hakumwonyesha kwa kumpenda. Lakini kweli ni kweli, hata ikiletwa na mshindani. Mtu awezaye kupokea kweli ya namna hiyo ameanza kupona.

SIKU TATU ZA KWANZA

Sasa tuseme juu ya matendo. Siku ile barua inapofika, kijana asiijibu. Ghadhabu huandika haraka, na maneno yaliyokwisha kutumwa hayarudi. Mawakili wa mji mmoja wajuana. Hukutana mahakamani kila asubuhi. Barua ya matusi iliyoandikwa kwa ofisi moja yaweza kusomwa katika ofisi kumi.

Pili, katika siku hizo aseme na mtu. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Amwambie mama yake, au rafiki wa chuoni, au padre, au wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Tumeona kwamba aibu ya kukataliwa hukua gizani kama uyoga. Kijana aliyesomeshwa kwa mchango wa ukoo huona kwamba amewaibia watu fedha zao, ndipo hujificha. Lakini akisema, aghalabu huambiwa na mjomba kwamba naye alikataliwa mara kadha wa kadha kabla ya kuajiriwa, na kwamba hakuna aliyekuwa akihesabu fedha.

Tatu, aandike katika daftari: ofisi gani, tarehe gani, nimepeleka karatasi zipi, nimejibiwa nini, na safari yangu iliishia wapi. Daftari hili lina faida kubwa. Kijana asiyeliweka husema, nimekataliwa kila mahali. Aliyeliweka husema, nimepeleka maombi 24. Ofisi 15 hazikujibu, 6 zilikataa kwa barua, 3 ziliniita kuhojiwa na hazikunichukua. Huyu wa pili ameanza kuona. Yule ambaye hajaitwa kuhojiwa hata mara moja, kasoro yake huenda imo katika barua zake au katika uchaguzi wa ofisi. Yule aitwaye mara kwa mara asichukuliwe, barua zake ni nzuri; atazame mazungumzo yake. Dawa zao si moja, na atumiaye dawa ya mwenzake hataona nafuu.

NAMNA YA KUULIZA SABABU

Siku tatu au nne zikipita, auandikie ule mkono uliotia sahihi barua ya kukataa. Kuuliza si ujinga. Lakini iko namna ya kuuliza inayofungua mlango, na iko namna inayoufunga.

Anayeuliza, kwa nini hamkunichukua, amemweka wakili kizimbani. Wakili ajua sana mambo ya kizimba. Atajilinda kwa maneno yasiyosema kitu. Bali anayeuliza, nirekebishe nini, amemweka wakili katika kiti cha mwalimu, na watu wengi hupenda kiti hicho. Barua yenyewe iwe fupi. Yaweza kuwa hivi:

“Mheshimiwa Wakili, nakushukuru kwa kujibu maombi yangu. Nimepokea uamuzi wa ofisi yako. Naendelea kutafuta mahali pa uanagenzi, nami ningependa kujirekebisha. Ukiwa na dakika chache, naomba unionyeshe jambo moja au mawili katika maombi yangu ambayo yalikuwa dhaifu. Nitashukuru hata kwa mstari mmoja.”

Basi, imetosha. Asiongeze habari za karo, wala ugonjwa wa baba, wala sifa zake mwenyewe. Asiombe uamuzi ubadilishwe. Akiwa alihojiwa, aweza kuuliza kwa wazi zaidi: ni swali gani nililolijibu vibaya? Swali dogo hupata jibu la kweli. Swali kubwa hupata jibu la jumla.

Asipojibiwa katika majuma mawili, aandike mara moja tena, kwa maneno mafupi kuliko ya kwanza. Kisha anyamaze. Injili yatusimulia habari za mjane aliyemrudia kadhi asiye na hofu ya Mungu mpaka akapata haki yake, nasi twamsifu mjane huyo. Lakini tukumbuke alikuwa akidai haki juu ya mshindani wake. Kijana wetu aomba fadhili. Mwenye kuomba fadhili akibisha mara ya tano huwa kero.

Ikiwa ofisi haisemi, wako watu wengine wa kuuliza. Mwalimu wake wa chuo aweza kuisoma barua ya maombi na kuona kasoro katika dakika tano. Wakili mkristu wa parokiani, hata kama hana nafasi ofisini, aweza kumhoji Jumamosi moja kama vile kazini, kisha akamwambia alivyomwona. Mwanagenzi aliyepokelewa mwaka jana aweza kumwonyesha barua yake mwenyewe. Vijana watano waliokataliwa waweza kukutana, wakahojiana wao kwa wao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KUPIMA MAJIBU

Majibu yakija, yapimwe. Si kila asemalo wakili ni kweli yote. Mmoja akisema barua yako ni ndefu, na mwingine akisema ni fupi, usiibadilishe kila juma kama nguo. Lakini watu watatu wasiojuana wakisema jambo moja, hilo ni kweli, hata kama linauma.

Tuseme kijana ameambiwa hivi: “Hukuonyesha kwamba waijua kazi ya ofisi yetu.” Afanyeje? Asijibu kwamba aliijua. Katika maombi yajayo, atumie asubuhi mbili kusoma hukumu za kesi ambazo ofisi hiyo ilisimamia, maana hukumu nyingi za mahakama za Kenya hutangazwa na kila mtu aweza kuzisoma bila malipo. Kisha aandike katika barua sentensi mbili juu ya kesi moja aliyoielewa kweli. Au ameambiwa: “Ulipohojiwa ulisema kwa sauti ya chini, hukututazama.” Basi na akubali kusoma somo kanisani kila Jumapili kwa miezi miwili. Mimbari ya masomo imewafundisha watu wengi kusimama mbele ya watu. Au ameambiwa: “Alama zako ni ndogo.” Alama zilizopita hazibadiliki. Lakini aweza kuziandikia ofisi ndogo ambazo hazichuji kwa alama, na aweza kuonyesha kazi aliyoifanya: msaada katika kituo cha sheria, kazi katika ofisi ya Haki na Amani ya jimbo, ambako migogoro ya ardhi na ya mirathi ya wanyonge huletwa kila siku.

Tena zipo sababu ambazo dawa yake ni wakati tu. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliomba kuingia utawani akiwa na miaka 14. Msimamizi wa monasteri alikataa. Askofu hakukata shauri. Mwezi wa Novemba mwaka 1887 akamwomba Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu mwenyewe, huko Roma, naye akaambiwa atii wakubwa wake. Alirudi kwao akilia. Lakini sababu ya kuzuiwa kwake aliijua: umri. Akangoja, na tarehe 9 Aprili 1888 akapokelewa. Kijana aambiwaye, “Mwaka huu nafasi zimejaa,” asiende kubadili kila kitu maishani mwake. Aulize tu nafasi zitafunguliwa lini, aandike tarehe, na awe wa kwanza.

HAKI YA KUULIZA NA ADABU YA KUULIZA

Mwanafunzi wa sheria aweza kusema: Je, sina haki ya kupewa sababu? Swali ni jema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 35, humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Na Ibara ya 47 yataka matendo ya utawala yawe ya haki, na mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu humpa mtu haki ya kuona habari zake mwenyewe zilizowekwa na wengine. Basi panapo udanganyifu mkubwa katika ofisi ya umma, mathalan nafasi zimetolewa kwa ukabila au kwa rushwa, ni halali kabisa kijana azitumie sheria hizo, na hatumlaumu.

Lakini haki si chombo cha kushika kila siku. Mwenye panga hakatii nalo mkate wa chai. Ikiwa nia yako ni kujifunza, uliza kama mwanafunzi. Ikiwa nia yako ni kuondoa dhuluma, dai kama raia, tena kwa ushahidi. Anayechanganya hayo mawili hukosa yote mawili.

MLANGO WA NYUMA

Liko jaribu jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Kijana aliyechoka kubisha mlango wa mbele huonyeshwa mlango wa nyuma. Huambiwa, toa kitu kidogo. Au, sema kwamba wewe ni mpwa wa fulani. Au, nunua karatasi ya kuonyesha kwamba ulikaa miezi 6 katika ofisi ambayo hukukanyaga. Watu husema, mkono mtupu haulambwi.

Twasema wazi: aingiaye katika kazi ya haki kwa udhalimu ameichafua kazi yake kabla hajaianza. Siku ya kiapo ataapa nini? Na mjane atakayempelekea shamba lake lililoibwa atampelekea nani? Tena mwanagenzi wa karatasi hana ujuzi. Siku ya kwanza mahakamani ujinga wake utamlipisha mteja maskini. Kujulishwa na mtu akujuaye kweli, akasema kweli juu yako, si kosa. Hiyo ni shuhuda. Kosa ni kununua, na kosa ni kusema uongo.

NENO KWA MAWAKILI

Haitakuwa haki tukiwafundisha vijana peke yao. Mawakili wakristu wasomao gazeti hili, nanyi mna deni. Kila mmoja wenu alilelewa na mtu.

Kwanza, jibuni. Neno moja la kukataa ni zito, lakini kimya ni kizito kuliko hilo, maana mwenye kungoja hawezi kwenda pengine kwa moyo mmoja. Karani aweza kupeleka jibu la mistari miwili. Pili, kijana aliyefika mpaka kuhojiwa ametumia nauli na siku yake. Mpeni walau sababu moja ya kweli. Maneno “wengine walikuwa bora zaidi” hayamfundishi kitu. Tatu, mliompokea msimfanye mbeba majalada bila ujira kwa miezi 6. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya ujira yasipungue kile kimtoshacho mfanyakazi mwenye kiasi kuishi, hata kama mfanyakazi mwenyewe amekubali kidogo kwa kulazimika. Mwanagenzi ni mwanafunzi, twajua. Lakini naye hula, na hupanda basi. Ofisi isiyoweza kumlipa mshahara na imlipie walau nauli na chakula. La sivyo, uwakili utabaki kwa watoto wa matajiri, na maskini watakosa wa kuwasemea anayejua taabu yao.

Mtakatifu Ivo wa Brittany, aliyefariki mwaka 1303 na ambaye mawakili humwita msimamizi wao, alikuwa hakimu wa Kanisa na mtetezi wa maskini. Sikukuu yake ni tarehe 19 Mei. Ingekuwa sadaka nzuri kama kila mwaka, siku hiyo, kila wakili mkristu angemwita kijana mmoja aliyekataliwa, akasoma maombi yake pamoja naye kwa saa moja.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi, msimwulize mwanenu kila jioni, “Umepata?” Akipata, atawaambia kabla hamjauliza. Mwulizeni, “Leo umeandika wapi, na wamekuambia nini?” Swali la kwanza humhesabia hasara, la pili huonyesha kwamba mwajali kazi yake. Na msimlinganishe na mtoto wa jirani. Huyo jirani hajawasimulia barua zote zilizorudi nyumbani kwake.

Na wewe kijana, daftari lako likionyesha mlango uliofungwa, tia alama, andika sababu uliyopewa, andika utakachorekebisha, kisha funua ukurasa mwingine. Kupotea njia ndiko kujua njia. Kesho asubuhi, ukitoka Misani, chagua ofisi moja uliyoisoma vizuri, ukaiandikie barua mpya, wala usiikopi ile ya jana. Sisi nasi twakuombea, na twangoja siku ile utakapokuja parokiani, umekwisha kula kiapo, kumsikiliza mtu wa kwanza asiye na fedha za kumlipa wakili.